Sehemu Isiyo na Msomaji

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, naye hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana alijitakia mwenyewe. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwaambia watoto wa watu, "Hapo pana nukta, pumua kwanza, hakuna anayekukimbiza." Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa miaka kumi na mitano tamthilia za Kiingereza cha zamani, zile za miaka mia nne iliyopita, zenye wafalme wanaomaliza ukurasa mzima kusema tu kwamba wamekasirika. Ukitaka kumwona kijana akipiga miayo hadi machozi yamtoke, mpe kitabu kama hicho saa nane mchana.

Lakini mwalimu alikuwa na njia yake. Kwanza aliwasimulia kisa chote kwa Kiswahili, kwa mbwembwe, kama anayepiga umbea na jirani: nani kamwoa nani, nani kamtilia nani sumu. Kisha akawagawia sehemu, kila mmoja na mhusika wake, wasome kwa sauti. Mwaka huu wanafunzi walikuwa kumi na watatu, na wahusika kumi na wanne. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya mzimu wa malkia wa kwanza, anayetokea mara sita tu na kusema maneno machache.

"Haya, nani atasoma mzimu?"

"Mwalimu, mimi na mizimu hatuelewani," alisema kijana mrefu aliyepewa sehemu ya mfalme, na darasa zima likaangua kicheko.

"Basi tuiache wazi. Tukifika hapo tunanyamaza, kila mtu anaisoma kimoyomoyo, halafu anayefuata anaendelea."

Angejua, angeisoma mwenyewe.

Walipofika kwa mzimu mara ya kwanza, wakanyamaza. Mwalimu alifurahi kuona hakuna anayepiga miayo. Halafu akaona kwamba wote kumi na watatu wameinua vichwa na kugeukia nyuma ya darasa, penye dawati la mwisho karibu na dirisha. Dawati lile halikuwa na mtu. Baada ya muda mfalme akadakia mstari wake, kwa sauti iliyopungua nguvu.

"Umejuaje kwamba zamu yako imefika?" mwalimu akamuuliza.

"Si alikuwa amemaliza?"

"Nani?"

Wakatazamana. "Yule msichana wa nyuma, mwalimu," akajibu binti mdogo wa dawati la mbele, aliyesoma sehemu ya mjakazi. "Yule anayesoma polepole. Kwani kwa nini amesimama?"

Chaki ikamponyoka mwalimu mkononi.

Vijana hawa walikuwa wageni shuleni, hawakuwahi kumjua. Mwaka uliopita, kwenye dawati lile, aliketi msichana mpole ambaye kila akipewa kitabu sauti ilimkwama kooni. Siku moja mwalimu alishikwa na hasira, akamwambia, "Simama hivyohivyo. Utakaa nitakapokuambia." Kengele ikalia, mwalimu akakusanya vitabu vyake akaenda zake kunywa chai, akamsahau kabisa. Mfagizi ndiye aliyemkuta jioni, bado wima, anatetemeka kwa homa, akampeleka kwao. Wiki haikwisha, wakamzika. Watu wote walisema ni homa, na kweli ilikuwa homa. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Tangu siku hiyo alikuwa akitamani jambo moja tu, kumwomba yule mtoto msamaha, na alijua kwamba amechelewa.

Sasa mtoto alikuwa mle darasani, na mwalimu hakumwona wala kumsikia. Mara ya pili alitega sikio hadi kichwa kikamuuma, akaambulia nzi waliokuwa wakigonga kioo cha dirisha. Mara ya tatu vilevile.

Wanafunzi nao walibadilika. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyesahau kitabu, na kipindi kilipokaribia waliingia kimyakimya wakakaa kabla ya kengele. Walimu wenzake walimtania, wakamuuliza amewalisha nini watoto wale. Mkuu wa shule alimpongeza kwamba hatimaye vijana wamezipenda tamthilia. Mwalimu alishukuru.

Akaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Aliwarudisha nyuma, akawauliza maswali yasiyo na maana, ilimradi kurasa zisiishe. Mzimu una mara sita, alijiambia, na kitabu kikishafungwa huenda mtoto naye akaondoka. Lakini mara ya nne ikapita, na ya tano, naye bado hajafungua mdomo. Aliona haya. Mtu mzima, mwalimu, amwombe msamaha mwanafunzi mbele ya wanafunzi!

Siku ya ukurasa wa mwisho, walipofika kwa mzimu, wakanyamaza na kugeuka kama kawaida yao. Mwalimu alisubiri hadi mfalme alipovuta pumzi kutaka kuendelea, akamzuia kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, akiliangalia dawati tupu. "Nilikukosea. Nilikusimamisha nikakusahau. Nisamehe, mwanangu." Machozi yalimtoka mbele ya watoto wote, wala hakuyaficha.

Kisha akawageukia wanafunzi.

"Amesemaje?"

Mfalme alikuwa akitazama viatu vyake.

"Niambieni tu. Hata kama amenitukana."

"Hakusikii, mwalimu," binti mdogo akasema hatimaye. "Wala hakuoni. Kila siku akimaliza kusoma anatuuliza kama mwalimu amekuja."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. "Basi mwambieni nyinyi. Mwambieni akae."

Wakageuka, wakasema kwa pamoja, "Kaa." Wakangoja. Mwalimu aliwaangalia nyuso moja baada ya nyingine, na hakupata alichokuwa akikitafuta.

"Anasema ahsanteni," akasema binti mdogo, "lakini hawezi. Anasema mpaka mwalimu mwenyewe amwambie."

Kengele ikalia. Wanafunzi wakachukua vitabu vyao, wakatoka mmojammoja bila kusukumana. Walipofika getini bado walimsikia mwalimu kule darasani, akisema kwa sauti ya juu, maneno yaleyale, "Kaa, mwanangu. Kaa. Ni mimi ninayekuambia, kaa."