Pazia la Menna

Kijijini Rhydwen, milimani Wales, hakuna aliyeuonea uchungu ukumbi wa kijiji kama Menna, mwenyekiti wa kamati. Baridi ilikuwa hasimu wake. Aliziba nyufa za madirisha kwa mikono yake, akawakaripia wanakwaya walioacha milango wazi, na vuli ile akashona pazia zito la sufu. Alilitundika kwenye mlango mkubwa, likafunika na kipande cha ukuta. Watu walilisifia, naye akavimba kichwa.

Ajabu ni kwamba gesi ya tangi ya kupashia ukumbi joto, ambayo ingefika Pasaka, ilikauka hata Krismasi haijaingia. Kwaya ikafanya mazoezi na makoti mwilini. Tangi lilipojazwa, Menna alipitia ukumbini siku isiyo na shughuli, akakuta mabomba ya joto yanaunguza mkono, na ndani hamna mtu.

Aliyekuwa na ufunguo mwingine ni Idwal peke yake, tarishi mstaafu wa posta aliyefiwa na mkewe, ambaye hupiga deki pale kwa kujitolea. Menna hakumwita pembeni. Alingoja kwaya ijae.

"Mzee Idwal, kwako hakuna moto?"

"Upo. Kwa nini?"

"Mbona basi unakuja kuota huku, kwa gesi ya watu?"

Mwimbaji mmoja wa sauti ya besi akadakia kutoka nyuma, "Si ulete na godoro kabisa, mzee!" Watu wakacheka.

Idwal alipepesa macho. "Mimi? Sidhani kama niliwasha."

"Hudhani!" Menna akanyoosha kiganja. Mzee akauweka ufunguo pale, akachukua kofia yake, akaenda zake. Mazoezi yaliyofuata hakuonekana.

Haikupita wiki, Menna akafungua ukumbi uliokuwa mtupu, joto likampiga usoni kama la tanuri la mkate. Funguo zote mbili zilikuwa mfukoni mwake. Akaenda kukitazama kile kidude cha ukutani kinachopima baridi na kuiamrisha boila, mtambo wa gesi unaopasha mabomba, iwake. Ili akione, ilimbidi afunue pazia. Nyuma yake upepo wa mlangoni ulikuwa umenaswa, ukuta baridi kama jiwe la mtoni. Kidude kilikuwa kimefungiwa huko na baridi, kikidhani ukumbi mzima unaganda, na boila ikatii usiku na mchana.

Masikio yalimwaka moto. Alilitungua pazia, akalikunja, akalificha kabatini. Hakumwambia mtu.

"Umemkomesha yule mzee," wakampongeza kwenye chai. "Gesi sasa inakaa!" Menna akatabasamu, akapitisha sahani ya keki. Tabasamu lile ndilo lililomnyima raha kuliko yote. Alijua kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, lakini hili alilifanya macho makavu.

Mwishowe akajikokota hadi kwa Idwal. Nje gari la mzee halikuwepo. Ndani, jiko lilikuwa limekatwa umeme.

"Lowri kachukua gari," mzee alisema. Lowri ni bintiye, anaishi Cardiff. "Nilimwambia mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, nimeanza kuwasha vitu na kusahau. Ukumbini nimeunguza gesi ya watu na sikumbuki hata chembe."

"Hukusahau, mzee wangu."

"Unanifariji tu."

"Hukuwasha. Ni pazia langu." Akamweleza lote, mpaka kabati, mpaka sahani ya keki.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na sasa baridi inaisha, theluji inayeyuka." Akageukia dirisha. "Nimekuwa nikilala na hofu, Menna. Naogopa kuamka siwajui wanangu. Ulinishitaki mbele ya watu. Hayo kaniambie huko huko."

Menna alisimama mbele ya kwaya nzima, Idwal amekaa kiti cha mbele. Alisema bila kujipamba. Hakuna aliyecheka. Yule wa besi aliinamia viatu vyake. Kisha Menna akampa mzee ufunguo, mzee akautazama, akatikisa kichwa.

"Deki utapiga wewe," alisema. "Mimi nimekuja kuimba."

Jioni hiyo Menna alimpigia simu Lowri, akamsimulia yote, akamwomba arudishe gari.

"Asante kwa kuniambia," Lowri alijibu, sauti imekauka. "Lakini sasa kila akitafuta neno, mimi naangalia. Akipoteza miwani, naangalia. Wewe ndiye uliyeniwekea jicho hilo, dada. Unajua namna ya kulitoa?"

Menna alishika simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata.

Gari halikurudi. Kila Jumatano, kabla ya mazoezi, Menna humfuata Idwal nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Njiani mzee huongea habari za wimbo na mvua, kwa adabu, kama mtu anayeongea na dereva wa teksi.