Kiti cha Abiria

Mimi sipendi kuharakishwa. Pikipiki iliyokataa kuwaka haiendi popote. Inaweza kungoja nimalize chai. Ndivyo nilivyomjibu Rozalia alipoingia gereji yangu pale Magomeni ya Mtwara, vumbi limempanda hadi magotini, kabla sijamtazama usoni. Nilipomtazama niliiweka chai chini.

“Wanamchukua Mathayo, fundi,” alisema. “Katibu Kata anasema anakihujumu kijiji. Lori la korosho likipita saa tisa, anapandishwa.”

Mathayo ni mume wake, dereva wa pikipiki ya kijiji chao, mbele kidogo ya Mpapura. Na pikipiki yenyewe naijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Ilikuwa ya polisi. Kijiji kiliinunua mnadani ikiwa na kiti kimoja tu, na nyuma yake sanduku kubwa la redio. Sanduku nililing'oa mimi. Mahali pake nikatengeneza kiti cha abiria: bati nene, springi mbili, sponji, na ngozi juu. Chini ya bati niliweka betri kubwa kuliko ile ya zamani, maana ya kipimo chake haikupatikana Mtwara nzima. Kazi ile nilijivunia sana, na kila aliyepita gerejini nilimwonyesha.

Rozalia alinieleza yaliyobaki tukiwa juu ya lori tulilodandia, tumekalia magunia matupu. Mara tatu Mathayo alimpakia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shaibu, kwenda mjini kuomba mahindi ya mgawo. Mara tatu pikipiki ilizimika kwenye mashimo. Mzee akishuka, Mathayo akipiga kiki, inawaka. Mzee akipanda, mwendo kidogo, inazima tena. Safari ya tatu walifika kikao kimekwisha na mahindi yamekwenda vijiji vingine. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, watu wanachimba mizizi ya ming'oko porini ili watoto wasilale na njaa. Neno hujuma halikuwa la mzaha mwaka ule. Mtu aliweza kuondoka nalo na asionekane tena kwa muda mrefu.

Tulifika saa sita na nusu. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani mbele ya ofisi. Mathayo alikaa chini mchangani kati ya mgambo wawili. Katibu Kata, Ndugu Ismaili, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa na meza yake nje. Mzee Shaibu alikaa juu ya kigoda karibu na mlango, kanzu yake pana imefunika kigoda chote. Barua ya mashtaka aliitia sahihi yeye. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

“Haya, fundi,” alisema Katibu Kata. “Tuonyeshe ugonjwa.”

Nilipiga kiki. Ikawaka kwa mara ya kwanza, inanguruma vizuri kama siku niliyoikabidhi. Siku nyingine ningetabasamu. Siku ile nilitaka izime. Nikamwita mgambo mmoja, Bakari, pande la mtu, akapanda nyuma yangu. Nilizunguka uwanja mara nne, nikaitia katika kila shimo nililoliona. Haikukohoa hata mara moja.

“Pikipiki nzima,” Ndugu Ismaili aliwaambia watu. “Kwa hiyo mbovu ni dereva.”

“Ndugu Katibu, umeme si mguu uliovunjika, ukauona kwa macho. Nipe muda.”

“Muda unao mpaka lori lije.”

Nilifungua plagi: safi. Nikafuata waya wa koili, nikakaza kila skrubu, nikachungulia nyaya zilizokuwa za redio, zote nilizikata na kuzifunga mwenyewe. Jua lilinichoma kisogo. Nilizitukana nyaya, nikawatukana Waingereza walioitengeneza, nikamfokea mama mmoja aliyeniletea maji. Saa nane ikapita. Mathayo alikuwa ananitazama tu, kimya, na kimya chake kilizidi kunikasirisha. Mtu anatafutiwa kupona, hasemi hata ilizimaje!

Mwisho nikafungua kiti changu mwenyewe, kile nilichojivunia.

Chini ya bati, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi la kuungua, ukubwa wa senti tano. Kichwa cha betri kilichokaa chini yake kilikuwa kimeyeyuka kidogo. Nikaelewa papo hapo. Springi ya kulia ikilemewa, bati linagusa kichwa cha betri, linapiga shoti, umeme wote unamwagikia kwenye fremu na plagi haipati kitu. Mzigo ukiondoka, bati linanyanyuka na moto unarudi. Nilikuwa nimeacha nafasi ya vidole viwili nikadhani inatosha.

Nakiri, kwanza niliwaza kunyamaza. Kipande cha mpira wa tyubu juu ya betri, nifunge kiti, hakuna ambaye angejua. Lakini pikipiki ingepona na Mathayo angeondoka na lori. Nikasimama.

“Kosa ni langu,” nilisema. “Betri hii ni ndefu, na niliifunga mimi. Tazameni.”

Nikarudisha kiti, nikawasha, nikabonyeza ukingo wa kulia kwa mikono miwili na uzito wangu wote. Injini ikakata. Nikaachia, nikapiga kiki, ikawaka. Watu waliguna. Rozalia alijishika kifua, na mimi nikaanza kupumua.

Ndugu Ismaili alikuja, akainama, akatazama mkono wangu. “Kumbe mkono wa mtu unaweza kuizima,” alisema polepole. “Na mkono wa dereva unafika nyuma.”

Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Nilikuja kumtoa mtu, sasa nimemkaanga.

“Si mkono, Ndugu Katibu. Ni abiria.”

“Bakari alikuwa abiria. Mbona haikuzima?”

“Bakari alikaa katikati, springi zote mbili zilimbeba. Inazima mtu akielemea upande wa kulia peke yake, halafu pikipiki ikutane na shimo.”

“Na nani anakaa hivyo?”

Nikainua kichwa nimjibu, macho yakanipeleka kwa Mzee Shaibu kwenye kigoda chake. Alikalia paja moja. Paja la kulia. La pili alikuwa amelitupa mbali, na katikati kanzu pana ilifunika kile ambacho kijiji kizima kilikijua na hakuna aliyekitaja. Mzee alikuwa na busha, kubwa, la miaka. Pwani yetu wanaume wengi wanalo, wanashona kanzu pana, na sisi tunajifunza tangu utoto kutazama pembeni. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa katikati ya kiti cha pikipiki.

Watu wote walikuwa wanatazama mchanga. Nikamgeukia Mathayo, naye akanitikisia kichwa, kidogo sana. Alijua! Alikuwa anajua tangu mwanzo. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipowaleta pale yeye na Rozalia hawana hata makuti ya kuezekea, Mzee Shaibu aliwapa chumba nyumbani kwake masika yote. Sasa alikuwa tayari kwenda kuozea ndani kuliko kumwaibisha mzee yule mbele ya wajukuu zake.

“Mwenyekiti ndiye abiria wake wa kila siku,” alisema Katibu Kata. “Fundi, nimekuuliza.”

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Haikutoka hata herufi.

“Nilibonyeza mimi,” Mathayo akasema kutoka mchangani. “Kwa mkono. Fundi hana kosa.”

“Njomba, unasema nini wewe?” nilimpigia kelele.

Rozalia alilia kwa sauti, wanawake wawili wakamshika. Ndugu Ismaili alikuwa ameshachomoa kalamu. Kwa mbali tulisikia lori likibadili gia kilimani. Niliwachukia wote pale uwanjani, na mimi mwenyewe kuliko wote.

“Fundi.” Ilikuwa sauti ya Mzee Shaibu. “Washa.”

Alikuwa amesimama. Alikuja kwa hatua zake za kupanua miguu, akawaambia mgambo, “Mwinueni huyo, akae mbele.” Walimtazama Katibu Kata, kisha wakamwinua.

“Mzee, usifanye hivi,” Mathayo alinong'ona. “Wajukuu wako wote wapo.”

“Nawaona. Panda.”

Mathayo akapanda. Mzee akakusanya kanzu, akapitisha mguu, akakaa kama alivyoweza: paja la kulia ukingoni, mwili wote umeelemea huko. “Ipeleke kwenye mashimo,” akasema. Hazikufika hatua kumi. Cheche ikalia chini ya kiti, injini ikakata, na pikipiki ikasimama katikati ya uwanja mbele ya macho ya kila mtu. Upepo uliibana kanzu mwilini mwake. Hapakuwa na mahali pengine pa kutazama, tukamtazama.

“Hivi ndivyo ninavyokaa, Ndugu Katibu,” alisema. “Andika. Andika pia kwamba cheche nilikuwa naisikia hapa pajani safari zote tatu. Nilijua ni kiti. Niliogopa kuulizwa nakaaje, nikaona afadhali aende yeye.”

Hakuna aliyecheka, hata watoto. Lori lilipofika, Katibu Kata alifunga kalamu yake, akalipungia mkono lipite.

Rozalia alijitoa mikononi mwa wale wanawake. Nilidhani anakwenda kumtemea mate, na ningekuwa mimi ningemtemea. Alivua kanga ya begani, akaitandaza mapajani mwa mzee, akaichomeka vizuri pande zote mbili.

“Shika bega langu, baba,” alimwambia. “Shuka taratibu.”

Mathayo aliishikilia pikipiki isiyumbe mpaka miguu yote miwili ya mzee ilipofika chini.