Yamini ya Hamdiya

Hamdiya alijua fika kwamba baba yake alimpa kaka yake, Suud, kiwanja cha mtaa wa Amerat, kwa sababu alikuwapo. Mzee alikuwa akinywa chai, mzima wa afya, akasema, "Kile kiwanja nimempa Suud, nawe mwanangu ndiye shahidi." Karatasi hakuandika. Mzee wa Kiunguja yule aliyehamia nchi ya Waarabu, kwake neno lilitosha.

Alipozikwa, Hamdiya akakana. Alikuwa mjane, mabinti watatu, chumba na sebule ya kupanga mtaa wa Ruwi. Kiwanja kikigawiwa urithi, thuluthi yake ingetosha kijumba. Tena Suud ana nyumba tayari, alijiambia. Mtu akitaka kula haramu hakosi kachumbari ya kuilia.

Kesi ikafika mahakamani. Kompyuta zilijaa mezani, lakini kanuni ilikuwa ileile waliyohukumia makadhi wa zama za kale ilipogombaniwa mitende ya urithi: mwenye kudai alete ushahidi, akikosa, mwenye kukana ale yamini.

"Una shahidi?" jaji alimuuliza Suud kwa Kiarabu.

"Nnaye mmoja." Hakumtazama dada yake. "Amekataa."

"Basi una haki ya kumwapisha. Wataka?"

"Nataka."

Suud hakuwa na wasiwasi. Katika ukoo wao watu waliona heri kuacha mali yao ya halali kuliko kuapa, hata kwa jambo la kweli. Alikuwa na yakini dada yake atashindwa.

Msahafu ukaletwa. Hamdiya aliwafikiria mabinti zake, akaunyanyua mkono. Haukutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wallahi..."

"Basi," Suud akasema. "Mheshimiwa, nimeacha dai langu. Asiape."

"Ukiacha, kitagawiwa urithi, na thuluthi yake umeikosa," jaji alisema.

"Nnajua. Ardhi nitapata nyingine. Dada nnaye mmoja."

Akatia sahihi, akatoka. Hamdiya alimfuata mbio hadi kwenye gari, jua likiwaka.

"Suud, kaka yangu."

"Jenga, watoto wapate pa kukaa," alisema kwa upole. "Ila mie usinialike. Nimeuona mkono wako, Hamdiya."

Aibu ilimchoma kifuani. Neno la kweli lilikuwa mdomoni mwake, neno moja tu: alikupa. Lingetosha kurudi nalo ndani kwa jaji kabla hajafunga faili. Akawaza mabinti zake na mlango wao wenyewe, akanyamaza, na Suud akawasha gari akaondoka.