Elfu Nane kwa Jin Wei

Mimi natengeneza vitu vya wafu. Nyumba, magari, mikoba, simu, hata raba za kukimbilia, vyote vya karatasi na mianzi na gundi, vichomwe moto vipate kuwafikia wenyewe huko waliko. Duka aliniachia marehemu mume wangu, hapa George Town. Mdomo ni wangu mwenyewe, na wateja wanaonijua hawakai sana. Katika kazi hii sijawahi kubishana na mtu juu ya injini ya gari la karatasi. Mtu anataka gari jeusi, napaka jeusi, analipa, anakwenda zake. Ilikuwa hivyo mpaka alipokuja Ooi Teik Leong.

Ooi anauza tairi kule Jelutong. Watu humwita Bosi Ooi, naye hupenda kuitwa hivyo. Ni mgonjwa wa namba nane: namba ya gari lake ni nane tupu, simu yake inaishia na nane, na duka lake alilifungua mwezi wa nane, mvua ikinyesha, wageni wamelowa chapachapa. Nane ni mali, kila mtu hapa anajua. Lakini sisi wengine tunajua na tunaendelea na maisha yetu.

Siku hiyo alikuja peke yake, shati halijapigwa pasi. Mwanawe wa pekee, Jin Wei, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, mwezi uliopita. Mama mtu alishatangulia zamani. Nilijua habari zote, mji huu hauna siri, ila nilingoja aseme mwenyewe.

"Ah Suan, nataka kompyuta ya gemu."

"Ipo. Na kibodi yake, na kipanya chake."

"Hiyo yako ni boksi tu limechorwa. Jin Wei ataifungua. Akikuta ndani tupu?"

"Basi atakuwa mteja wangu wa kwanza kulalamika."

Hakucheka. Niliona aibu kidogo, kidogo tu. Akatoa mfuko wa plastiki na kuweka juu ya meza vipande viwili vyembamba vyenye mgongo wa chuma cheusi. Kimoja kilikuwa kimemeguka pembeni.

"Hizi ni memori," akasema. "Kasi yake ni elfu nane. Nitengenezee kama hizi hizi, na namba iandikwe wazi. Elfu nane."

"Na memori kazi yake nini?"

"Ni hapo kompyuta inaposhika kile inachofanya sasa hivi. Zikiwa na kasi, kila kitu kina kasi." Alisema kama mtu anayerudia maneno ya muuzaji. "Dukani Jin Wei alikuwa anang'ang'ania za elfu sita. Elfu sita! Duka zima linatusikia. Nikamwambia, mtoto wa Ooi hachukui elfu sita mahali penye elfu nane. Nikalipa, tukatoka."

"Umezitoa kwenye kompyuta yake ili unionyeshe?"

"Hapana. Polisi ndio walionirudishia. Zilikuwa mfukoni mwake."

Alilisema hilo kama jambo dogo. Mimi sikulielewa, na nadhani yeye hakutaka kulielewa. Nikaziweka kwenye kibati cha mkasi, nikamwambia aje Ijumaa.

Ile kazi niliifanya kwa moyo, nisidanganye. Nilikata karatasi ya fedha kwa ajili ya feni, nikasokota uzi mwekundu kuwa nyaya, na zile memori nikazitengeneza kwa kadi ngumu, nikazipaka weusi, na kwenye kila moja nikaandika 8000 kwa wino wa dhahabu. Sikuwa nimewahi kuhangaikia vitu vya ndani ya boksi ambalo halifunguliwi na mtu. Nilijicheka mwenyewe.

Alhamisi alikuja Boon Hau. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki wa Jin Wei tangu shule, wakicheza timu moja katika mashindano ya gemu, na alitaka kumnunulia rafiki yake hedifoni za karatasi kwa pesa yake mwenyewe. Nikamwonyesha kompyuta ili ajisikie vizuri. Aliinama akachungulia ndani, akatabasamu alipoona feni, kisha tabasamu likaisha.

"Anti, nani kasema elfu nane?"

"Mwenye pesa zake. Kwani vipi?"

Akavuta kigoda akakaa. Akanieleza polepole, kama watoto wa siku hizi wanavyotueleza sisi wazee mambo ya simu. Ile kompyuta, alisema, haikuweza kuendana na memori za kasi ile. Ilikuwa inaganda tu. Unacheza, picha inasimama, inabidi uizime na kuiwasha upya. Elfu sita zingeenda bila shida, na Jin Wei alilijua hilo kabla hata hawajaenda dukani.

"Si angeipunguza hiyo kasi? Hakuna pa kupunguza?"

"Papo. Kwenye mipangilio. Alipunguza, ikatulia kabisa. Anko Ooi akaja chumbani na wenzake wa tairi kuwaonyesha, akataka waone ile nane kwenye skrini. Akakuta sita. Alimfokea mbele yao, Anti, akamsimamia mpaka akairudisha. Na baada ya hapo kila jioni anaingia kuangalia."

"Mwehu."

"Siku ya nusu fainali iliganda katikati ya mchezo. Tukatolewa. Nilimpigia Jin Wei simu, nikamsikia Anko yuko nyuma yake anamcheka, 'Mashine ya elfu nane na bado unapigwa!' Jin Wei akachomoa hizo memori, akaniambia anakwenda kubadilisha, achukue za elfu sita, ili hata mtu akitaka kupandisha zisipande. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwambia ngoja iishe."

Nilimpa chai, hakuinywa.

"Baba yake anajua?" nikauliza.

"Nani amwambie? Mwambie wewe, Anti. Mdomo wako haumwogopi mtu."

"Mdomo wangu ni wa kuuza karatasi," nikamjibu, na nikamfungia hedifoni zake.

Ijumaa jioni tulikusanyika kwenye uwanja ulio kando ya hekalu: binamu zake Jin Wei, vijana wa timu, na mimi niliyekuja na bidhaa yangu isije ikavunjika njiani. Kwetu mzazi hamsindikizi mtoto. Aliyekufa kijana huagwa na vijana wenzake, na aliyemzaa hukaa mbali, au akiwepo hugeuza mgongo. Siku ya mazishi ndugu zake Ooi walimfungia chumbani ghorofani. Leo hakukuwa na wa kumfungia. Alisimama mbele kabisa, karibu na kompyuta, na mtu wa hekalu alipomnong'oneza asogee, alisema kwa sauti, "Nimelipa mimi."

Ubani ukawashwa. Boon Hau ndiye aliyepewa sarafu mbili. Huwezi kuchoma kitu kabla hujamuuliza mwenyewe kama amekipokea: unarusha sarafu, moja ikilala uso na nyingine mgongo, amekubali. Zote mgongo, amekataa. Zote uso, anakucheka.

"Jin Wei," Boon Hau akaita, "baba amekuletea kompyuta. Umeipokea?"

Zote mgongo.

"Tena," akasema Ooi.

Zote mgongo. Akarusha tena, zote uso, na binamu mmoja mdogo akacheka naye, kwa woga, kisha akafunika mdomo.

"Unarusha vibaya. Mwambie ni elfu nane. Hajui ni ipi. Mwambie!"

Boon Hau akamwambia. Sarafu zikaanguka kwenye saruji, moja ikabiringika mpaka mguuni kwa Ooi, na hata hiyo ikalala mgongo kama mwenzake. Boon Hau hakuinama kuiokota.

"Anko, Jin Wei hazitaki."

"Hataki nini?"

"Hizo elfu nane. Hakuzitaka hata alipokuwa hai. Alikwambia dukani. Alikwambia nyumbani. Siku ile alikuwa anazirudisha, Anko. Ndiyo maana zilikuwa mfukoni."

Nilimtazama Ooi nikitegemea amzabe kofi yule kijana, na nilikuwa tayari kuingia kati. Nilimchukia wakati ule, sifichi.

"Aliniambia ziko sawa," akasema Ooi. "Nilimuuliza kila siku. Kila siku aliniambia ziko sawa."

"Ulikuwa umesimama nyuma yake, Anko. Angesemaje?"

Ooi akainama, akaiokota ile sarafu, akaifuta kwenye suruali yake na kumrudishia Boon Hau mkononi. Halafu akanigeukia mimi.

"Ah Suan, una kalamu?"

Nilikuwa na kalamu, na mabaki ya kadi nyeusi kwenye mkoba. Nikafungua ubavu wa boksi. Ooi akanimulikia kwa simu yake.

"Niandike nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Nilitaka alitamke mwenyewe.

"Elfu sita. Kama alivyotaka."

Nikaziba nane zote mbili, nikaandika 6000. Akaingiza kichwa ndani ya boksi kuhakikisha, akatikisa kichwa kukubali. Ile chuki yangu ikapoa. Nikadhani mambo yameisha, na hata Boon Hau uso wake ulianza kulegea.

"Jin Wei," akaita, "tumeweka za elfu sita. Baba mwenyewe amesema ziwekwe. Umeipokea?"

Zote mgongo.

Akajaribu tena. Mgongo. Akazitikisa muda mrefu viganjani, midomo inamcheza, akarusha juu zaidi, na zikaanguka vilevile. Vijana wakaanza kutazamana. Mtu wa hekalu akasema labda kuna kitu kingine anachodai, labda chakula, labda viatu. Binamu mmoja akataja pikipiki na wenzake wakamkodolea macho.

"Muulize kama ni mimi," akasema Ooi.

"Anko, acha."

"Muulize kama anataka niondoke."

Boon Hau akanitazama mimi. Nilitaka kusema kwamba sarafu ni sarafu, kwamba nimeziona zikimkubali mtoto aliyemtelekeza mama yake na zikimkataa mtu mwema mpaka giza linaingia, na kwamba upepo na saruji mbovu vina mchango wao. Nina maneno ya kila mtu katika mji huu. Siku hiyo sikuwa nalo hata moja.

"Jin Wei," Boon Hau akaita, "unataka baba aondoke?"

Moja ikalala uso. Moja ikalala mgongo.

Ooi alizitazama. Mtu yule, anayebishania bei ya tairi mpaka mteja anasahau alichofuata, hakusema zirushwe tena. Hakusema zimerushwa vibaya. Aliweka simu mfukoni, akapita katikati yetu, akavuka barabara, akasimama mbele ya mlango wa chuma wa duka lililokwisha kufungwa, mgongo ametugeuzia sisi.

"Uliza sasa," nikamwambia Boon Hau, maana ilibidi mtu aseme.

"Jin Wei, umeipokea?"

Uso na mgongo. Kwa mrusho wa kwanza tu.

Hakuna aliyefurahi. Boon Hau alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, na mmoja wa binamu ndiye aliyewasha kiberiti. Karatasi yangu huwaka vizuri, naichagua hivyo. Moto ulishika kwenye skrini, ukaingia kwenye boksi, ukazila feni na nyaya nyekundu na zile memori, kisha ukapanda juu kwa mkupuo mmoja hata tukarudi nyuma.

Mwanga wake ulivuka barabara. Nikauona umepiga kwenye ule mlango wa chuma, mbele kabisa ya uso wa Ooi, na kivuli chake kimesimama hapo. Hakuna aliyemwita kumpa habari. Alikuwa ameona mwenyewe kwamba mwanawe amekubali, na kwamba amekubali mara tu baba alipotoka.

Niliona akinyoosha mikono yote miwili na kuushika ule mlango. Alibaki hivyo mpaka moto ulipozimika, na hata tulipomaliza kufagia majivu na vijana kuondoka, hakugeuka.