Matairi Yaliyompita Mkwe

Mama mwenzangu, kama mwanao ana gari na kila Jumamosi anarudi nyumbani ananukia mpira ulioungua, usimwekee chai. Toka nje kwanza ukashike matairi. Mimi sikushika, na nusura Modesti wangu akose mke.

Tunakaa Chanji. Modesti anabeba abiria na mizigo kwa gari dogo, na baada ya mavuno alilifunga matairi mapya, kashata zake, yale meno ya mpira, zimesimama vizuri. Kila Jumamosi jioni aliniaga anakwenda mazoezi ya kwaya. Nilifurahi sana, hata kwenye jumuiya nikawa natamba kwamba mtoto sasa ametulia. Kumbe kwaya yenyewe ilikuwa pembezoni mwa Izia, kwenye ule uwanja wa zege wa kuanikia mahindi, ambao ghala lake lilishafungwa. Vijana walikuwa wanapanga magunzi duara, halafu wanakimbizana na magari kulizunguka mpaka moshi unatoka chini. Na zege lile linakwaruza kama mgongo wa mamba.

Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba tunakwenda Milepa, kwa Mzee Zenon, kusikiliza jibu la posa ya binti yake Lydia. Nilipika pombe ya ulezi, nikaitia kwenye chungu, nikakipakata mapajani. Na kwa kuwa mimi ni mwoga wa magari, kabla ya kupanda nilikagua matairi. Nikainama, nikayaona yana kashata, nikaridhika. Lakini nilikagua upande ninaokaa mimi tu, wa kushoto. Hapo ndipo nilipokosea, na wewe usikosee hapo.

Ukitoka huku juu kwenda Milepa, lazima ushuke ukingo wa bonde, kona juu ya kona. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona gari likawa linasogea pembeni taratibu, kama mtu anayetaka kutoroka ibada. Nikamuuliza Modesti kuna nini. Akasema ni barabara. Nikashika rozari kwa mkono mmoja na chungu kwa mkono mwingine.

Tulifika chini salama, nikashusha pumzi. Mbele, karibu na nyumbani kwake, Mzee Zenon mwenyewe alikuwa amesimama barabarani na mwavuli wake, ametoka kutupokea mvuani. Hiyo ni heshima kubwa. Na kwetu mkwe humpungii mkono ukapita. Unasimama, unashuka, unapiga goti, unapiga makofi polepole, ndipo unaamkia.

Tulipofika kwenye kalavati, Modesti akakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Likageuka, likatanguliza mgongo, likampita mzee likiwa limempa matako. Mimi nilichokumbuka ni adabu tu. Nikaachia chungu, nikapiga makofi dirishani, nikasema shikamoo mkwe huku naondoka. Pombe yote ikanimwagikia kwenye kitenge. Tukaishia kwenye shamba lake la mpunga.

Mzee alikuja mpaka ukingoni, akatutazama, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mama Modesti, kijana anayenipita kwa matako kabla hajaoa, akishaoa atanipita kwa nini?"

Akageuka kwenda zake. Lydia alikuwa mlangoni, kajifunika uso kwa khanga, sijui analia au anacheka.

Nikavua viatu tusukume gari. Nikazunguka upande wa dereva, na ndiyo mara ya kwanza nauona. Tairi la mbele la kulia, kwa ndani lina kashata, lakini bega lake la nje lilikuwa kipara kitupu, linang'aa. La nyuma lake hivyo hivyo. Nikalibonyeza kwa kucha, kucha ikarudi. Nikamwambia Modesti afungue nati.

Tulilivingirisha hadi uani kwa mzee. Alikuwa amekaa, hatutazami. Nikapiga goti na kitenge changu kinachonuka pombe, nikamwambia mwanangu mbele ya watu achague: aitwe hana adabu, au aseme hana matairi.

Modesti akatazama chini, akasema, "Baba, breki nilikanyaga toka kule kwenye kalavati. Matairi hayakushika. Niliyamaliza mwenyewe, kwenye mashindano."

Ikabidi aeleze yote, na kwaya ikafia hapo. Kwamba walikuwa wanazunguka kila mara kwa kushoto, kwa hiyo gari lilikuwa linalemea matairi ya kulia, na mabega yake ya nje ndiyo yakawa yanasuguliwa. Kwamba walipunguza upepo kwa kuwa joto linauvimbisha, na yeye hakuujaza tena, mabega yakazidi kulika. Kwamba mpira ukichemka vile unalainika na kuchunika, ukipoa unakuwa mgumu, ukichemshwa tena na tena unaishiwa mnato. Mimi nikamfafanulia mzee kuwa ni kama ugali uliopashwa siku nyingi: kwa macho ni ugali, lakini haushiki mboga.

Mzee Zenon hakusadiki. Alisema tairi ni tairi, na kijana mwenye adabu gari lake husimama. Jibu la posa atalitoa siku Modesti atakapokuja na kusimama mbele yake kama watu. Na tairi lile tuliache pale, atalishonesha viatu vya katambuga.

Tulirudi Jumapili iliyofuata na matairi mapya, na mvua ile ile. Mzee alikuwa amesimama pale pale, na mwavuli ule ule, miguuni katambuga mpya. Safari hii Modesti aliogopa mno. Alisimamisha gari mbali kabisa, huko kwenye kalavati, akashuka, akapiga goti kwenye tope na kuanza makofi. Mzee akangoja. Modesti naye akaendelea kupiga makofi. Mwisho mzee akaona aibu mtoto kuloa, akaja yeye.

Alikuja vizuri mpaka kwenye kile kimteremko cha mwisho. Hapo katambuga zikaachia. Mzee Zenon akatufikia amesimama wima, mwavuli juu, akampita Modesti aliyepiga goti, akapita dirisha langu, wala hakusalimia mtu, akaja kusimama kwa kukumbatia buti la gari.

Hakuna aliyecheka. Mimi niling'ata kitenge.

Akainua mguu, akapitisha kidole chini ya katambuga. Akabonyeza kwa kucha.

"Mama Modesti," akasema, "kumbe halishiki kweli."

Kisha akamwita Lydia alete maji, mkwe wake anawe miguu.