Mama Alikuwa Kwenye C

Lea alikuwa amefunga duka lake la uchapaji pale Kilosa mjini tangu jana, chakula hakipiti, na waliofuata barua zao aliwajibu kwa mkato. Kompyuta ilikuwa imegoma. Ilikuwa ya mtumba, moja ya zile zilizomiminika kutoka Dar tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa mfanyabiashara, na mtumba kugoma si habari. Habari ni kwamba ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake.

Mama huyo, Bi Elizabeti wa Berega, alirekodiwa Pasaka ya mwisho ya uhai wake, Lea alipokuwa akijaribu maikrofoni mpya. Sauti yake nyingine haikuwepo popote, hata kwenye kanda. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Lea aliifungua. Alilelewa hivyo: huanzi kazi hujamwamkia mzazi. Wa kucheka na wacheke.

Basi akaja fundi Urbanus kutoka Mikumi, kijana mpole ambaye kwake pole pole ndio mwendo. Akaichunguza mashine, akasema virusi vimeharibu mfumo, dawa ni kufomati. Lea akauliza kama kufomati si ndiko kufuta.

Urbanus akamtuliza. Diski ni moja, akamweleza, kama shamba la urithi kule Chanzuru, ila limekatwa vipande, na kila kipande huitwa partisheni. Kuna ile kuu, C, ndiyo kiwanja cha nyumba: mfumo unakaa humo, na mashine huwakia humo. Eneo linalobaki huzungushiwa mpaka mmoja mkubwa, likaitwa partisheni ya nyongeza. Hilo lenyewe halihifadhi kitu mpaka ligawanywe tena ndani yake, zipatikane D na E. Yeye atafyeka kiwanja tu. Ng'ambo ya mkonge wa mpakani hagusi.

Lea akashusha pumzi. Kazi zote za wateja zilikuwa D. Urbanus akapeleka kidole kwenye kitufe, lakini, asifiwe aliyemlea, akauliza kwanza.

"Na ya mama umeiweka wapi, dada?"

"Si pale mbele! Nikiwasha tu, namwona."

Kidole kikarudi. Jamani, Lea alifanya ambalo sote tungefanya: picha ya marehemu hatuiweki stoo, tunaitundika sebuleni. Nani angemlaza mama yake D, katikati ya barua za watu? Ila ule uso wa mbele wa kompyuta, unaotokea ukiwasha, Urbanus akamwambia taratibu, nao umo ndani ya C.

Lea akakaa kwenye benchi akalia, wala hakujificha. Urbanus hakufomati kitu. Alichomoa diski, Lea akaifunga kwenye khanga, akaipakata hadi Mikumi. Huko fundi aliipachika kwenye kompyuta yake kama diski ya pili, mfumo mbovu wa diski hiyo ukaachwa umelala, akaitafuta ile faili ndani ya C. Akainakili. Akaifungua.

Spika zikakoroma, ikasikika sauti ya Lea mwenyewe ikiamkia. Halafu ikaja ya Bi Elizabeti, na Urbanus akajikuta amesimama kwa heshima.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kila asubuhi Lea alikuwa akilisikia swali hilo, akafunga faili, akaanza kazi.

"Bado, mama," akasema.