Udugu wa Kafi na Bleu Aliyechelewa

Fidélie Kalonji alikuwa anapiga chereheni barazani kwake, mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, akimalizia upindo wa sare ya shule, kaka yake alipoingia kutoka mtoni. Alisogeza kitambaa kisilowe, akamvutia kiti cha plastiki, akaweka beseni chini ya kiti. Tshimpaka aliketi. Maji yakaanza kutiririka ndani ya beseni, kwanza kwa haraka, halafu polepole, kama kawaida yake.

"Leki," Tshimpaka alisema, "treni ilifika?"

"Bado, Yaya. Wanasema wiki ijayo."

"Na Papa?"

"Iko ndani. Amelala."

Ndivyo walivyosalimiana kila mwaka. Tshimpaka alikuwa na miaka kumi na tisa. Fidélie, mdogo wake, alikuwa amevuka arobaini na hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, lakini aliendelea kumwita Yaya, kaka mkubwa, na kuitwa leki, mdogo, kwa sababu alizaliwa akamkuta. Mama Euphrasie, jirani yao, aliyekuwa anatwanga sombe ya majani ya mihogo upande wa pili wa ua, aliinua mkono kumsalimu na kumuuliza kama mto umejaa. Tshimpaka alisema umejaa, lakini si sana.

Fidélie alileta wali na sombe, akamlisha kwa kijiko. Mkono wa kulia wa Tshimpaka ulikuwa umefumbwa ngumi, na yeye hakulelewa kula kwa mkono wa kushoto. Ndani ya ngumi kulikuwa na udongo wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mgongoni, chini ya bega, shati lake la bluu lilikuwa na tundu dogo, na maji mengi yalitoka hapo.

"Leo nitaenda na weye," Fidélie alisema.

"Kule ukumbini kwa udugu? Wanawake hawaingiaka."

"Nitaingia."

Tshimpaka alitafuna, akameza. Alisema kwamba kama ni hivyo, avae viatu vizuri, kwa sababu ilikuwa siku ya sherehe na wakubwa wote wangekuwapo.

Udugu wa Kafi ulianzishwa chuoni katika miaka ya themanini na wanafunzi waliokuwa wanakaa Alunguli na kuvuka mto Lualaba kila asubuhi kuja masomoni mjini. Siku moja ya mvua mtumbwi wao ulipinduka katikati ya mto. Makafi yalichukuliwa na maji, likabaki moja tu, wakaling'ang'ania wote, na mto ukawatupa ukingoni, chini kidogo ya mji, wakiwa hai. Kafi lile lilipakwa rangi nyeusi, likachorwa kwa kisu alama moja kwa kila aliyenusurika, likatundikwa ukutani. Wakaapiana kwamba wao ni ndugu, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeachwa majini.

Baadaye desturi zilijipanga. Mwanafunzi mgeni aliitwa bleu, kama vyuo vyote vya nchi vinavyowaita wageni. Alinyolewa, akavishwa shati la bluu, akapiga magoti mbele ya kafi. Kisha alivuka mto, akachota udongo wa Alunguli kwa mkono wa kulia, akaurudisha kabla ya jua kutua na kuumimina chini ya kafi. Hapo alifungwa kitambaa cheupe shingoni, na huo waliuita ubatizo. Tangu siku hiyo alikuwa na mahali pa kulala katika kila mji wenye ndugu, na siku ya kufa kwake walikuwapo wa kumbeba. Mwanzoni mableu walivuka wote kwa pamoja, kama waanzilishi. Miaka ilipopita ilionekana kwamba namna hiyo ni rahisi mno, wakaanza kupelekwa mmoja mmoja.

Mwaka 2002 mji ulikuwa mikononi mwa wanajeshi wa upande mmoja, na Alunguli mikononi mwa wapiganaji wa upande mwingine. Mto ulifungwa. Treni ilikuwa imesimama tangu zamani, na watu walikula majani ya mihogo bila chumvi wala mafuta. Chuo kilifundisha asubuhi tu, kwa wanafunzi waliobaki. Udugu ulipata bleu mmoja, naye ni Tshimpaka.

Alikuwa ameutamani udugu ule kuliko masomo yenyewe. Baba yake, fundi wa reli, alitoka Kasai akiwa kijana na kuzaa watoto wake wote Kindu, lakini kila mji ulipochafuka kulikuwa na mtu wa kumuuliza atarudi kwao lini. Tshimpaka alidhani mtu aliyefungwa kitambaa cheupe haulizwi swali hilo.

Mkuu wa udugu alikuwa Blaise, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana wa sauti ya chini, ambaye mashati yake yalinyooka hata sabuni ilipokosekana. Wengine walipendekeza ubatizo usogezwe mbele mpaka mto ufunguliwe. Blaise alisema kwamba udugu unaongojea shida ziishe si udugu. Siku ikapangwa.

Asumani, aliyesoma darasa moja na Tshimpaka na aliyebatizwa mwaka uliotangulia, alimshikia mtumbwi asubuhi ile yenye ukungu, kisha akausukuma. Tshimpaka alifika ng'ambo. Wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo walimwona akiinama, akichota udongo, akigeuka. Akiwa katikati ya mto ukungu ulitoweka, na risasi ikatoka upande wa mji. Ndugu walikimbilia majani ya ukingoni, wakalala kifudifudi. Waliuona mtumbwi ukiendelea mbele kidogo bila mtu.

Wanajeshi walishuka kuuliza yule alikuwa nani. Blaise alisimama, akapangusa magoti, akasema ni mtoto wa Kalonji wa reli, kwamba alikuwa amejiunga na watu wa ng'ambo, na kwamba wao walikuja mtoni kuoga. Wanajeshi wakamwamini.

Papa Kalonji alikamatwa kwenye karakana ya reli siku hiyohiyo, akafungiwa ndani ya behewa la chuma, aeleze mwanawe alikuwa anapeleka habari gani ng'ambo. Hakuwa na la kueleza. Alipotolewa, miguu yake haikumbeba tena. Mke wake alifariki kabla ya vita kwisha, na kilio chake kilikuwa cha watu wachache, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana kwenye nyumba ya adui.

Mwaka uliofuata mto ulifunguliwa. Siku ya ubatizo, mableu wapya wakiwa wamejipanga mstari ukingoni, Tshimpaka alitoka majini na kusimama mwisho wa mstari, ngumi mbele. Blaise alitazama saa yake.

"Umechelewa," alimwambia.

"Ndiyo, mukubwa," Tshimpaka alisema, akarudi majini.

Tangu hapo alikuja kila mwaka, na kila mwaka mkuu aliyekuwapo alimwambia vilevile. Alipita kwanza nyumbani kula. Baba yake alimuuliza kama maji ni baridi, naye alijibu kwamba mtu anazoea. Zaidi ya hapo hawakuwa na mazungumzo.

Lakini mwaka huu Papa Kalonji alikuwa ameacha kuketi. Alilala tu, na siku moja Fidélie alipokuwa anamgeuza alisema, bila kumwangalia, "Sitaki kitu kingine. Waseme tu mutoto hakukimbilia ng'ambo."

Ndiyo maana Fidélie alivaa viatu vizuri.

Walitembea pamoja barabarani, Tshimpaka akiacha nyayo za maji kwenye udongo mwekundu. Pikipiki ziliwapita. Mwenye duka mmoja aliwaomba wapite mbali kidogo na magunia yake ya mchele, wakapita mbali.

Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vyeupe kwa ajili ya miaka arobaini ya udugu. Kafi jeusi lilikuwa ukutani, limepakwa mafuta ya mawese likang'aa. Chini yake mableu wapya walikuwa wamepiga magoti, vichwa vimenyolewa. Blaise aliketi katikati ya meza ya mbele. Sasa alikuwa mtu mkubwa, mwenye gari na dereva, na udugu ulimfanya rais wa ndugu wote waliomaliza masomo. Pembeni yake alikuwa Asumani, mkurugenzi wa shule ya sekondari, aliyepewa heshima ya kulitunza kafi.

Tshimpaka alikwenda kupiga magoti nyuma ya mableu. Wale wa karibu walisogea wasilowe. Fidélie alibaki wima.

"Mama, sherehe ni ya ndugu," mtu mmoja alimwambia kwa upole.

"Miye niko ndugu yake," Fidélie alijibu.

Blaise alimtambua, akaashiria aachwe. Alimuuliza amekuja na neno gani.

"Munisikilize kidogo tu. Kaka yangu analeta udongo kila mwaka. Mumufunge kitambaa. Na museme mbele ya watu kwamba ninyi ndio mulimutuma, hakukimbilia kwa mutu. Papa yetu hana siku nyingi."

Ukumbini hakuna aliyeshangaa. Kisha Asumani alisimama. Alivua kofia yake nyeupe, akaishika mkononi.

"Anasema kweli," alisema. "Hakukimbia. Mukubwa alimutuma, na miye ndio nilisukumaka mutumbwi. Alikuwa anaogopa. Aliniuliza kama nitamungojea pale pale, nikamwambia ndiyo. Risasi ilipolia, nilikuwa wa kwanza kukimbilia majani."

Aliketi. Jasho lilikuwa limemtoka, naye akajifuta kwa kofia.

Fidélie alimtazama Blaise. Alikuwa ameingojea dakika hii nusu ya maisha yake, na alipoifikia aliona mikono yake haina joto wala baridi.

"Hakuna anayekataa," Blaise alisema kwa sauti yake ya chini. "Wote tulikuwa pale, na wote tunajua. Asumani amesema vizuri. Lakini kitambaa kina kanuni yake, na kanuni inasema kabla ya jua kutua, siku hiyohiyo. Tukimufungia mumoja aliyechelewa, hawa watoto watajifunza nini?"

Mableu waliopiga magoti walitazama sakafu.

"Na Papa?" Fidélie aliuliza. "Walimuvunja miguu kwa neno lako."

"Hiyo haiko mambo ya udugu, Mama. Iko mambo ya vita, na vita ilikwisha."

Baadhi ya wakubwa waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema hata hivyo lingekuwa jambo baya kumrudisha majini mtu mwenye nidhamu kama hii, aliyekuja miaka yote bila kukosa. Mwingine akasema kwamba ndugu wa siku hizi hawajui tena nyimbo za zamani, wala namna ya kupiga magoti. Wakanong'onezana mezani. Asumani hakuinamisha kichwa pamoja nao. Alitazama dirisha.

Blaise alisimama kutoa uamuzi. Tshimpaka atabaki bleu. Ila hatarudi tena mtoni: kuanzia leo atakaa hapa ukumbini na kuwafundisha mableu wote watakaokuja, awaonyeshe kunyolewa, kupiga magoti, na kushika udongo bila kuumwaga. Atapewa kiti karibu na mlango, pale sakafu inapoinamia nje.

"Umesikia?" Blaise alimuuliza.

"Aksanti, mukubwa," Tshimpaka alisema.

Watu wakapiga makofi, makofi ya kweli, marefu. Ndugu wawili wakaleta kiti. Tshimpaka aliketi mlangoni, ngumi juu ya goti, maji yakashuka ngazi taratibu kuelekea uani.

Fidélie alimsogelea.

"Yaya, twende nyumbani."

"Siwezi, leki. Niko kazini."

"Wamekuambia bado uko bleu."

"Ndiyo. Lakini wameniambia nikae." Alimtazama dada yake usoni, kama mtu anayetafuta umri wake mwenyewe humo. "Umechoka. Enda ukapumuzike. Papa umwambie maji hayakuwa baridi."

Nyuma yao bleu wa kwanza alikuwa ameitwa kwa jina lake na alikuwa anashuka kwenda mtoni. Alipopita mlangoni, Tshimpaka alimwelekeza asikanyage majani yaliyolowa, yanateleza.

Asumani alimfuata Fidélie mpaka kwenye geti la chuo. Alisema angependa kuja kumsalimia mzee. Fidélie alimwambia mlango uko wazi. Asumani alisimama pale akiwa bado ameshika kofia, naye hakuja siku hiyo wala siku nyingine.

Nyumbani jua lilikuwa bado linaingia chumbani mpaka kwenye godoro. Papa Kalonji alikuwa macho. Fidélie alivua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Yuko wapi?" baba yake aliuliza.

"Amebaki kule. Wamemupa kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kufundisha wale mableu."

Mzee alifikiri. Maisha yake yote alifanya kazi ya reli, na alijua kazi ziko namna mbili.

"Ya muda?"

"Hapana, Papa. Ya kudumu."

"Ya kudumu," alirudia. "Mama yake angefurahi." Kisha akauliza, "Na lile neno?"

"Walilisema wao kwa wao mule ndani. Hawatalisema inje."

Papa Kalonji aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa treni haitafika leo. Alisema nyonga ya upande huu inamuuma. Fidélie akapitisha mkono mmoja chini ya bega lake, mwingine chini ya magoti, akamgeuza upande wa ukuta.